Binti yangu ameniuliza: "Mama, ni wewe?"

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka mitano. Kwetu ni Tanga, ila kwa sasa tunaishi Houston, Marekani. Nakuandikia jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini nyumbani kwangu limezua maneno makubwa.

Binti yangu aling'oka jino la mbele la chini. Sikujua mpaka asubuhi, nilipoamshwa na kilio. Kumbe usiku alilifunga jino kwenye tishu akaliweka chini ya mto bila kutuambia, kwa sababu wenzake shuleni wamemweleza kuwa kuna Tooth Fairy, kiumbe mdogo wa kike mwenye mabawa, anayekuja usiku kuchukua jino na kuacha pesa. Alipoamka, tishu ilikuwa palepale na jino lake ndani. Nilipomuuliza analilia nini, akanijibu: "Hakuja kwetu. Labda haji kwa watu ambao si wa hapa." Anti, maneno hayo bado yananichoma.

Usiku uliofuata nilichukua lile jino nikamwekea dola mbili. Alifurahi sana, lakini furaha yenyewe haikuvuka mlango wa shule. Alirudi ananiuliza kwa nini yeye kapewa mbili na mwenzake ishirini, jino la mwenzake lilikuwa na nini.

Mume wangu alipojua, hakupenda kabisa. Anasema uongo ni uongo hata ukiambiwa mtoto. Alinikumbusha ile hadithi ya mama aliyemwita mwanawe, "Njoo nikupe," na Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba kama asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Mimi nikamwambia huu ni mchezo tu wa watoto wa huku, lakini hatukuelewana.

Mama mkwe naye kasikia. Alipiga simu akasema, "Jini linaingia chumbani kwa mtoto usiku, na nyie mnalishangilia?" Anasema sisi wote meno yetu tulirusha juu ya bati na mapya yakaota. Akaongeza kuwa badala ya kuhangaika na mambo ya Wazungu tumtumie hela wifi yangu, maana mtoto wake wa miezi saba anaharisha na ana homa, na wanataka kumpeleka kwa mzee mmoja akamtoe meno ya plastiki.

Sasa jino la pili linacheza. Mdogo wake naye nilimkuta bafuni amejifunga uzi kwenye jino zima, halitikisiki hata kidogo, anataka kulivuta apate dola. Na juzi, wakati namfunika binti yangu shuka, alinikazia macho akaniuliza, "Mama, ni wewe?" Nikamwambia alale.

Nimwambie? Nikimwambia, ataniamini tena kwa mambo mengine? Na akienda kuwatangazia wenzake shuleni, wazazi wao hawatanijia juu? Na huyu baba yao nimjibu nini?

Mama wa Wawili, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na lile uliloliandika kwa kupita, kwa sababu haliwezi kungoja. Piga simu nyumbani leo, na uongee na wifi yako mwenyewe. Huyo mtoto wa miezi saba asipelekwe kwa huyo mzee. Meno ya plastiki hayapo. Wanachokiona ni chonge za utoto zikiwa bado ndani ya ufizi, na katika umri huo ufizi huinuka kidogo pale zilipo. Mganga hupasua hapo kwa kisu au spoku ya baiskeli, akachokoa kichipukizi cha jino ambacho bado ni laini na cheupe, akamwonyesha mama: haya hapa. Mama akitazama anaona kitu cheupe, laini, kisichofanana na jino alilozoea kuliona, basi anasadiki. Mtoto anabaki na kidonda mdomoni, anashindwa kunyonya wakati ule ule anaohitaji kunyonya zaidi, na hicho kisu kinaweza kumtia pepopunda, Ukimwi au maambukizi ya damu. Wapo watoto waliokufa. Wanaopona, mara nyingi chonge zao za ukubwani huota zimeharibika au zimekaa vibaya, na wengine haziwaoti kabisa.

Imani hii, kwamba meno hayo ndiyo yanayomharisha mtoto, ilienea sana kwetu kuanzia miaka ya 1980, na Uganda wanayo pia, wao huita ebinyo. Ina nguvu kwa sababu mambo mawili huja pamoja. Mtoto wa miezi sita, saba, ufizi wake unaanza kuvimba. Na mtoto huyo huyo anaanza kutambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, anaanza kupewa uji na maji. Ndipo anapoharisha. Watu wakaunganisha vitu viwili ambavyo havihusiani. Mwambie wifi yako aendelee kumnyonyesha, ampe maji ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, na ampeleke kituo cha afya leo hii, kwa sababu ana homa na ni mdogo. Huko watampa na vidonge vya zinki. Akiona macho yamedidimia, utosi umebonyea, mtoto analegea au hawezi kunyonya, au kinyesi kina damu, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane. Hela mnayotuma iwe ya nauli ya kwenda huko.

Nimelitanguliza hilo kwa uharaka wake, ila linanipa pia namna ya kukujibu wewe. Mama mkwe wako anaogopa jini la Houston, na hapo hapo anamtetea mganga wa meno ya plastiki. Si mtu mbaya, anawapenda wajukuu zake wote. Lakini mimi imani yoyote inayomhusu mtoto naiuliza swali moja kwanza: inamfanyia nini huyo mtoto? Ya meno ya plastiki inamkata mtoto kwa chuma. Ya kurusha jino juu ya bati haimdhuru mtu. Na huyu mwenye mabawa, kwa binti yako, ameumiza mahali pamoja tu, na si pale wanapopagombania baba na bibi.

Tazama alivyofikiri mtoto. Aliambiwa na watu anaowaamini kuwa kiumbe huyo yupo. Akafanya jaribio mwenyewe, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Halikufaulu. Hakusema basi hayupo, kwa sababu wenzake walikuwa na dola mkononi. Akatafuta tofauti kati yake na wao, akaipata: sisi si wa hapa. Huyo mtoto ana akili nzuri, ila ushahidi aliokuwa nao ulimpeleka kwenye jibu linaloumiza.

Hapo hapo Texas, jimbo mnaloishi, Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, mtafiti Jacqueline Woolley na wenzake waliwahi kubuni kiumbe ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumsikia, mchawi mwema wa peremende anayekuja usiku kuchukua peremende na kuacha kitu cha kuchezea. Matokeo waliyachapisha mwaka 2004. Mtu angetarajia watoto wadogo zaidi ndio waamini kuliko wengine. Lakini kati ya watoto waliotembelewa, yaani wazazi wao walibadilisha vitu usiku, ni wale wakubwa kidogo wa shule ya awali walioamini zaidi. Mtoto anayeanza kujua kupima ushahidi ndiye anayenaswa na ushahidi uliopangwa na mzazi. Dola zako mbili zilikuwa ushahidi wa namna hiyo. Sasa amekua kidogo, ameupima upya, na ameona mkono wa mama yake.

Kwa hiyo mjibu. Usingoje jino la pili ling'oke. Mtafute mkiwa wawili, mdogo wake hayupo, umwambie: "Uliniuliza kama ni mimi. Wewe unaonaje?" Mwache aseme mwenyewe. Akisema ni wewe, mwambie, "Ndiyo, ni mimi. Nilikuona unalia, nikataka ufurahi." Usiongeze hotuba. Akikuuliza kama wazazi wa wenzake nao hufanya hivyo, mwambie ndiyo. Akisema hataki kujua, anataka aendelee kuamini kidogo, usimlazimishe, atakuja mwenyewe.

Unaogopa hatakuamini tena. Nakuelewa, na hofu hiyo wanayo wazazi wengi, lakini watoto wenyewe wamewahi kuulizwa. Mwaka 1994 watafiti Anderson na Prentice walichapisha mazungumzo yao na watoto 52 waliokwisha kuacha kumwamini Baba Krismasi, ambaye ni ndugu wa karibu wa huyu wa meno. Wengi walikuwa wameligundua jambo wenyewe, wakiwa na miaka saba hivi, umri wa binti yako. Watoto kwa jumla walilipokea vizuri, walifurahi kwamba wamejua. Waliohuzunika zaidi walikuwa wazazi. Kinachovunja imani ya mtoto ni kuuliza akiwa amekukazia macho, ukamjibu uongo, kisha akakukamata. Wewe ulimwambia alale. Nafasi bado unayo, itumie wiki hii.

Ukishamjibu hilo, kuna la pili ambalo hakukuuliza ila ndilo lililomliza, na usiliache. Mwambie Tooth Fairy si mila ya kale ya watu wa hapo ambayo yeye amefungiwa nje. Maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana kumhusu yalitoka kwenye gazeti la Chicago Daily Tribune, Septemba 1908, kwenye safu ya mashauri ya nyumbani, mfano wa hii tunayoandikiana. Mwandishi aliwaambia akina mama kuwa mtoto mbishi atakubali kung'olewa jino linalolegea akisikia habari za huyo kiumbe, na akawashauri wapite kwenye kaunta ya vitu vya senti 5 wanunue akiba ya vizawadi. Ni ujanja wa wazazi, basi, na umri wake ni kama wa bibi yake bibi yako.

Kisha mwonyeshe kwenye ramani ni watoto wangapi ambao huyo mwenye mabawa hawafikii, na hakuna anayelia. Hispania anayekuja ni panya, anaitwa Pérez. Kisa chake kiliandikwa miaka ya 1890 kwa ajili ya mfalme mtoto, Alfonso XIII, alipopoteza jino, na mjini Madrid kuna hadi kibao cha kumkumbuka huyo panya kwenye mtaa wa Arenal. Ufaransa pia ni panya mdogo. Katika nchi kadhaa za Kiarabu mtoto hulirusha jino kuelekea jua na kuliomba limpe zuri zaidi. Wajapani wana mpango wa kupendeza: jino la chini hurushwa juu ya paa, la juu hutupwa chini ya nyumba, ili jipya liote kulifuata. Na Tanga, bibi yake anakwambia, ni juu ya bati. Binti yako aling'oka jino la chini. Mtoto wa Japani aliyeng'oka jino kama lake angefanya kama bibi wa Tanga anavyotaka. Nina hakika habari hiyo ataipeleka shuleni kwa maringo.

Jino la pili likitoka, mpigie bibi kwa simu ya video amsimulie mjukuu wake alivyorusha la kwake. Kama mnakaa kwenye ghorofa na paa halifikiki, jino likaushwe, litiwe kwenye kikopo, liende Tanga siku mtakayosafiri. Bibi akipewa kazi hiyo, maneno ya jini yatapungua yenyewe.

Sasa pesa. Hili ndilo linaloniudhi katika mila hii nzima, na sitalificha. Delta Dental, watu wa bima ya meno huko Marekani, huwauliza wazazi kila mwaka wanaacha kiasi gani. Mwaka 1998 wastani ulikuwa dola 1.30 kwa jino. Mwaka 2023 ulifika dola 6.23. Huo ni wastani, maana yake wapo wanaoacha ishirini. Mtoto wa miaka sita anaamini mgeni wa usiku anawajua watoto wote na kuwapima kwa haki. Akipewa mbili na mwenzake ishirini, hawezi kuwaza mshahara wa baba. Anawaza jino lake, au yeye mwenyewe, ana upungufu gani. Kiumbe huyo akishakuwa na pochi, anakwenda kuwatangazia watoto mifuko ya wazazi wao bila wao kujua. Ndiyo maana nakushauri pesa ya jino, kama mtaitoa, itoke mikononi mwenu mchana kweupe: hii ni kutoka kwa baba na mama, umekua. Dola mbili za mama hazina fumbo. Mtoto wa miaka saba anajua kuwa kila nyumba ina uwezo wake.

Hapo utaona nimekwisha kukaribia jibu la mumeo. Usimbishie. Ile hadithi aliyokukumbusha ni nzito, nayo inamlinda mtoto: yule mama aliulizwa kuhusu ahadi yake, na tende zilikuwepo. Mumeo hataki mtoto wake azoee kusikia maneno yasiyo na kitu nyuma yake, na baba wa namna hiyo ni wa kushukuru. Mweleze mpango huu, pesa ya wazi na swali lililojibiwa, na nadhani hatakuwa na ugomvi nao.

Ila mwambie na hili kwa niaba yangu. Ukweli hauui ndoto za watoto. Sisi tulilelewa na paukwa, pakawa. Bibi akisema paukwa na sisi tukaitika pakawa, sote tulijua tunaingia wapi, na sungura akaongea, akamdanganya fisi, tukacheka mpaka tukalia. Hakuna aliyemwita bibi mwongo, kwa sababu alitufungulia mlango tukaingia kwa kuitika wenyewe. Binti yenu akishajua, anaweza bado kutaka kuweka jino chini ya mto na kukuta karatasi yenye mchoro wa kipepeo uliouchora wewe. Mwacheni. Atakuwa ameitika pakawa.

Shuleni usihofu sana. Mpe kazi ya mtu mkubwa: mwambie hii siri ina wenyewe, na kila mtoto huambiwa na mama yake au baba yake, si na mwenzake. Watoto wa miaka saba huipenda mno heshima ya kutunza jambo. Akiteleza akasema, waombe radhi wazazi wa mtoto mwenzake kwa ujumbe mfupi, yaishe. Mwalimu ameshayaona hayo mara nyingi.

Mdogo wake ni wa miaka mitano na hajauliza, kwa hiyo huna haja ya kumwambia chochote kuhusu mabawa. Uzi ndio umnyang'anye. Mwambie wazi kuwa katika nyumba hii jino lililong'olewa kwa nguvu halipati hata senti, linalopata ni lile lililotoka lenyewe, na baba yake aliseme hilo pia kwa sauti yake. Lake la kwanza huenda likalegea mwakani au mwaka unaofuata. Ana meno 20 ya utoto, na ya mwisho hung'oka akifika miaka kumi na moja, kumi na mbili, kwa hiyo tarajia maombi mengi ya dola.

Na ukiwa umeshika tochi ya simu, wafunue midomo wote wawili uangalie nyuma kabisa. Magego ya kwanza ya ukubwani huota karibu na miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kuyapisha. Hayana karamu, hayana mgeni wa usiku, na wazazi wengi hudhani ni ya utoto, wakayaacha yatoboke. Hayo hayabadiliki tena. Binti yako huenda tayari anayo manne. Mfundishe kufikisha mswaki huko, umpigie mswaki mwenyewe usiku maana mkono wake bado ni mdogo, na kama hajawahi kuonwa na daktari wa meno, mpeleke.